“Tisha” kwa Kiingereza: frighten, scare, threaten au intimidate?

Chukua sentensi hii: yule kijana alimtisha mama mwenye genge. Kwa Kiswahili imetosha, na anayetaka zaidi atauliza. Ukiambiwa uiandike kwa Kiingereza, iwe kwenye barua ya malalamiko, ripoti ya mradi au kazi ya darasani, ndipo unapokwama kwenye kitenzi. Kama kijana alichomoza ghafla gizani, mama akaruka na beseni la nyanya likamwagika, kuna kitenzi chake. Kama alisema “hili genge nitalichoma moto”, kuna kingine. Kama hakutamka neno, ila kila jioni alikuja na wenzake wawili wakaketi kwenye benchi mbele ya genge mpaka wateja wakaacha kupita na mama akakubali kutoa hela ya “ulinzi”, hicho ni cha tatu. Na kama usiku ule mama alichukua wanawe akaenda kulala kwa jirani, mwili mzima ukimtetemeka, kipo cha nne.

Kamusi ndogo za mfukoni hazikusaidii sana hapo. Maneno yote manne hurudi kwenye tisha, ogofya na tia hofu, yakipokezana tu nani atangulie. Walimu wengi nao huyapanga kwa ukubwa wa hofu: hili dogo, hili la kati, hili kubwa. Mpango huo una ukweli kidogo, lakini ukiutegemea peke yake utaandika Kiingereza ambacho hakina kosa la sarufi na bado kinasema jambo ambalo halikutokea. Swali ninaloliona la kwanza ni hili: je, kuna mtu anayetaka kupata kitu kutokana na hofu hiyo? Jibu likiwa hapana, uko upande wa frighten na scare. Likiwa ndiyo, uko upande wa threaten na intimidate. Ukubwa wa hofu upime baadaye.

Frighten na scare

Haya mawili yanasema kitu kimoja: hofu imemwingia mtu. Aliyeisababisha anaweza kuwa hana hata habari. Radi inaweza, mbwa anaweza, ndoto mbaya inaweza, na bili ya hospitali inaweza vilevile. Kwa nguvu hayapishani sana. Mahali pa kuyatumia ndipo yanapopishana. Scare ni neno la mdomoni, la nyumbani, la watoto na marafiki. Frighten limechomekea shati: utalikuta zaidi kwenye maandishi, kwenye ripoti ya daktari au ya ustawi wa jamii, kwenye hadithi iliyoandikwa kwa utulivu. Ukimwandikia mkuu wa shule kwamba mtoto wako alitishwa na mlinzi, frightened itakaa vizuri zaidi. Ukimpigia dada yako simu kumsimulia jambo lile lile, scared.

Asili zao nazo ni mbili. Scare lililetwa na watu wa Skandinavia, wale Vaikingi walioivamia Uingereza na kisha wakahamia huko. Fright ni la Kiingereza chenyewe tangu zamani, na hadi enzi za Shakespeare lilitumika peke yake kama kitenzi, bila ule mkia wa -en. Ukikutana nalo hivyo kwenye maandishi ya kale usidhani mpiga chapa amekosea. Leo fright limebaki nomino.

Sasa, rafiki amejificha nyuma ya mlango, amekurukia, nyote mnacheka. Sisi tunasema “umenishtua”. Mwingereza atasema “You scared me!” au “You gave me a fright!” Hapo mfasiri mwenye haraka huandika “umenitisha”, na mzaha unageuka kesi. Kwa Kiswahili kutisha kuna uzito. Mshtuko wa ghafla unaokwisha kwa kicheko tunauita mshtuko.

Scare pia ni nomino, na hapo ndipo wanahabari wetu huteleza. Bomb scare ni pale watu wanapotolewa jengoni, polisi wanakagua kila pembe, na mara nyingi inagundulika kuwa ni mkoba uliosahauliwa. Health scare ni hofu iliyosambaa kuhusu chakula, dawa au ugonjwa, mara nyingi kabla haijajulikana kama ina msingi. Ukiandika “tishio la bomu” au “tishio la kiafya” umemwambia msomaji kwamba hatari ipo. Kwa hali hiyo tunalo taharuki, neno zuri ambalo halitumiki vya kutosha. “Taharuki ya bomu yasimamisha safari za treni” inaacha mlango wazi, kama scare inavyouacha.

Ukiongeza off au away, scare linapata maana ya kufukuza. Anayeijua kazi ya kuamia ndege kwenye mpunga hahitaji maelezo. Kule Mbarali au Mwea, kwelea kwelea wakitua kwa maelfu, watu hupiga madebe, hupiga kelele, hurusha mawe kwa kombeo, huning'iniza vitambaa na kanda za kaseti zinazometameta juani. Hakuna anayetaka ndege waingiwe na hofu kwa ajili ya hofu; wanataka waondoke. Huko Uingereza ya karne ya 19 kazi hiyo ilikuwa ajira ya watoto wa vijijini, walioshinda mashambani na vipande vya mbao vya kugonganisha. Kutoka mashambani neno likaenda mjini: kodi mpya inaweza ku-scare off wawekezaji, na bei ikitajwa mapema mno inaweza kumkimbiza mteja namna hiyo hiyo. Frighten off lipo pia na si kosa, ila masikioni mwangu lina unyonge fulani.

Vivumishi ndivyo vinavyoaibisha watu. Scared ni mwenye hofu; scary ni chenye kutisha. Anayesema “I am scary” akidhani anasema anaogopa, amesema “mimi natisha”. Kosa hili halitoki kwenye ujinga. Kiswahili kinaibeba tofauti hiyo ndani ya kitenzi: naogopa na natisha, nimeshtuka na nimeshtua. Kiingereza kinaibeba mwishoni mwa kivumishi, mahali ambapo sikio letu halijazoea kusikiliza. Frightened na frightening hufuata mkondo uleule: mwenye hofu kwanza, cha kutisha baadaye.

Kisha kuna vile vihusishi vidogo. Frightened of dogs ni mtu anayeogopa mbwa siku zote, tangu utotoni pengine. Frightened by a dog ni yule ambaye mbwa alimtokea jana pale kona. Kwa Kiswahili ungesema “anaogopa mbwa” na “alitishwa na mbwa”, na hakuna anayechanganya. Ukishika kwamba of ni tabia na by ni tukio, umemaliza.

Afraid ni jamaa wa hapohapo lakini ana masharti: haliketi mbele ya nomino. Unaweza kuandika a frightened child au a scared child, ila an afraid child haisimami. Tena lina kazi ya pili isiyohusiana kabisa na hofu. Karani akikuambia “I'm afraid the manager is out”, haogopi chochote; anasema kwa adabu kwamba, bahati mbaya, meneja ametoka. Nimeona tafsiri za chini ya filamu zikiandika “naogopa daktari hayupo”, na mgonjwa kitandani anaonekana ametulia tuli.

Threaten na intimidate

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu hapa neno likikosewa mtu anaweza kutuhumiwa jambo ambalo hakulifanya, au kuachiwa kwa lile alilolifanya.

Threaten ni kutangaza madhara. Mtu amesema, ameandika au ameonyesha kwa ishara kwamba jambo baya litakufika. Hofu si sharti. Unaweza kuandika “He threatened me, but I wasn't frightened”, na sentensi ikasimama imara. Mitaa yetu inalifahamu hilo vizuri sana: kuna kuchimba mkwara, kuna kuchimba biti, kuna kutishia nyau. Yote ni vitisho vilivyotolewa, na anayevisimulia mara nyingi anavisimulia huku anacheka. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Chura ametishia, ng'ombe amekunywa.

Intimidate ni kutumia hofu kumsukuma mtu afanye au aache jambo. Mzizi wake ni wa Kilatini, neno lenye maana ya mwoga, na kitenzi chenyewe kinasema hivyo: kumfanya mtu kuwa mwoga. Hapa hofu ni sharti. “He intimidated me, but I wasn't frightened” inasikika vibaya. Kama hukuingiwa na woga, andika tried to intimidate, alijaribu. Upande wa pili, maneno si sharti. Wale vijana watatu kwenye benchi la mama mwenye genge hawakutamka lolote. Hawakum-threaten. Walichofanya ni intimidate, na mama aliwaelewa bila mkalimani.

Sarufi yenyewe inakuonyesha. Baada ya threaten huja kile kitakachotendwa: threatened to burn the shop, threatened her with a knife. Baada ya intimidate huja kile kilichotafutwa: intimidated her into paying. Kwa hiyo ukiwa na maneno au silaha mkononi mwa habari yako, shika threaten. Ukiwa na matokeo yaliyokuwa yakiwindwa, shika intimidate. Vyote viwili vikiwepo, yaandike yote mawili, hayarudiani.

Wanasheria wa Marekani walilijua hilo. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1957 na ile ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965, kifungu cha 11(b), zote zinakataza mambo matatu kwa mfululizo dhidi ya mpiga kura: intimidate, threaten, coerce. Mtu anaweza kudhani ni ile tabia ya mawakili kurundika maneno. Lakini tazama yaliyotokea katika kaunti ya Fayette, jimbo la Tennessee, mwaka 1960. Wakulima weusi waliokuwa wakilima mashamba ya watu walijiandikisha kupiga kura. Wenye mashamba wakawafukuza, na wafanyabiashara wakakataa kuwauzia bidhaa. Familia zilihamia kwenye mahema, na mahali pale pakaitwa Tent City. Kumfukuza mpangaji au kukataa kumuuzia mtu unga si lazima kuambatane na tishio lolote la mdomo. Sheria ingekuwa na threaten peke yake, mengi ya haya yangepenya. Serikali kuu ya Marekani ilikwenda mahakamani dhidi ya wenye mashamba kwa kutumia sheria ile ya 1957. Coerce, la tatu, ni kushurutisha: mtu hana tena nafasi ya kuchagua, aogope asiogope.

Huku kwetu sheria zilizorithiwa kutoka kwa Mwingereza zinayatumia maneno haya kwa mpangilio unaofundisha. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 89(2), inamlenga yule ambaye kwa nia ya intimidate au kuudhi, ana-threaten kujeruhi, kupiga au kuua. Tazama: nia ina neno lake, na tendo lina lake. Ndicho kifungu kinachosomwa mshtakiwa anaposhitakiwa kwa “kutishia kuua kwa maneno”. Kenya inavyo vifungu viwili mbali mbali kabisa: 223 kwa kutishia kuua, na 238 kwa intimidation yenyewe, inayoelezwa kuwa ni kumdhuru mtu isivyo halali, au kutishia kumdhuru, mwilini, kwenye sifa yake au mali yake, ili aingiwe na hofu au alazimike kufanya asichowajibika kukifanya. Hilo la sifa halipo kwa bahati. Anayesema “nitazisambaza picha zako” hajagusa mwili wa mtu wala mali yake.

Kwa Kiswahili, threaten lina mwenzake aliye tayari: tishia. Ile -i- ya kutendea inafanya kazi nzuri, kwani “alimtisha” ni alimtia hofu, na “alimtishia kisu” ni alimwonyesha madhara. Intimidate halina mwenzake mmoja. “Kuwatisha wapiga kura” inaeleweka kwa sababu muktadha unaibeba. Kwenye maandishi yanayotaka uangalifu napendelea kulitaja lengo: kuwatia hofu ili wasijitokeze, kumbana kwa vitisho aondoe kesi. Sentensi inarefuka, lakini haidanganyi.

Kuna mahali ambapo kanuni yangu ya lengo inavunjika. Kivumishi intimidating hakidai nia yoyote. Mhadhiri mrefu, mkimya, mwenye vitabu mpaka darini anaweza kuwa intimidating na huku hamwazii mtu baya. Ni wewe tu ukikaa mbele yake unajiona mdogo na swali ulilolipanga linakutoka. Usimwandike kwa Kiswahili kuwa “profesa wa vitisho”. Anatia woga, inatosha. Uwanja nao huwa hivyo. Mashabiki wa Simba waliposhika ile kauli ya “Kwa Mkapa hatoki mtu”, walikuwa wanaielezea ile hali ambayo mtangazaji wa Kiingereza huiita an intimidating atmosphere: timu ngeni inatoka kwenye ngazi za chini, inakuta viti 60,000 vimejaa nyekundu, ngoma, na kelele zisizokatika. Hapo lakini nia ipo, nani atabisha.

Kitu kimoja kuhusu threaten bila mtu. Kiingereza hulitumia kwa mvua, ukame, hata amani inayolegalega. Magazeti yetu huiga: “mvua yatishia kunyesha”. Sijui anayesema hivyo nyumbani kwake. Wingu limetanda, basi, mvua inakuja. Na kwenye uhifadhi threatened ni neno la kitaalamu. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inaweka chini yake madaraja matatu, kuanzia viumbe walio dhaifu hadi walio ukingoni kabisa mwa kutoweka, kama faru weusi. Faru “aliyetishiwa” anachekesha. Walio hatarini kutoweka ndiyo Kiswahili chake.

Terrify, horrify, na sifa ya “anatisha”

Terrify ni pale ukubwa wa hofu unapokuwa ndiyo habari yenyewe. Magoti yanalegea, sauti haitoki, mtu anakimbia bila viatu. Si la kutumia kila siku, ingawa Waingereza wenyewe hulitumia ovyo (“I'm terrified of spiders” husemwa na watu wanaowaua buibui kwa kandambili bila shida). Katika maelezo rasmi litumie pale tu unapoweza kuonyesha kilichotokea. “She was terrified” peke yake ni madai. Ongeza kwamba alihama nyumba usiku uleule, na neno litakuwa limejilipia.

Ndugu yake terrorise ni hofu ya muda mrefu inayopandwa juu ya watu wengi, au juu ya mtu mmoja ndani ya nyumba. Vijana waliopewa jina la panya road, waliokuwa wakivamia mitaa ya Dar es Salaam kwa makundi na mapanga, waliandikwa hivyo kwenye magazeti ya Kiingereza. Kwa Kiswahili waliwahangaisha wakazi. Usikimbilie ugaidi. Terrorism lilizaliwa Kifaransa kutokana na ule utawala wa hofu wa Mapinduzi ya Ufaransa wa 1793 hadi 1794, enzi za Robespierre, likaingia Kiingereza mara baada ya hapo, na leo lina maana ya kisheria. Mume anayemtesa mkewe kwa hofu ana-terrorise, na hakuna mahakama itakayomhukumu kwa ugaidi.

Horrify hupangwa pamoja na terrify kwa sababu ya sauti tu. Aliyekuwa horrified hajaogopa kwa ajili ya nafsi yake. Ameona jambo likamchoma na kumchukiza. Ukisoma habari za ajali ya basi ukawa horrified, wewe uko salama sebuleni. Abiria ndio waliokuwa terrified. Kwa Kiswahili: walipatwa na hofu kuu wale, na sisi tulisikitishwa na kushtushwa.

Halafu kuna terrific, linalowachanganya wanafunzi kuliko yote. Katika karne ya 17 lilimaanisha chenye kutisha, kama umbo lake linavyoonyesha. Kufikia mwisho wa karne ya 19 lilishageuka sifa, na leo a terrific singer ni mwimbaji hodari. Msemaji wa Kiswahili cha mjini hana sababu ya kushangaa. Tunasema “jamaa anatisha” kumsifu mpigaji gitaa, na “noma” kwa wimbo mzuri. Ila terrible halikufuata njia hiyo. A terrible singer ni yule unayemwombea mic izimike.

Mengine kwa haraka

Startle ni mshtuko wa sekunde moja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: hiyo ndiyo startled. Hakuna nia, hakuna lengo, na baada ya pumzi mbili limekwisha. Swala aliyesikia kijiti kikivunjika, mtoto aliyeamshwa na mlango uliobamizwa.

Alarm ni wasiwasi wenye wito wa kuchukua hatua. Lilitoka kwa Kiitaliano, kelele ya kuwaita askari washike silaha. Takwimu zinaweza kuwa alarming bila kumtetemesha mtu. Kwa ripoti za ofisini ndilo neno salama kuliko frightening, linaloonekana kama mwandishi mwenyewe ameingiwa na kiwewe.

Daunt karibu daima huambatana na kazi. Asili yake ni Kilatini cha kufuga na kutiisha wanyama, na maana imebaki palepale: jambo linalokuvunja nguvu kabla hujaanza. A daunting task si “kazi ya kutisha”. Ni kazi pevu, kazi inayomkatisha mtu tamaa akiitazama tu. Mtihani unaweza kuwa daunting kwa ukubwa wa silabasi na intimidating kwa jinsi wasimamizi wanavyopita katikati ya madawati.

Kwenye barua na maelezo

Yote hayo yanapata uzito pale unapoandika malalamiko kwa Kiingereza, kazini hasa, maana taasisi nyingi bado zinaitaka lugha hiyo kwenye karatasi. Tukio ni la Kiswahili, barua ni ya Kiingereza, na kati yao kuna kitenzi.

Ushauri wangu: anza na threaten kama kulikuwa na maneno, na uyataje maneno yenyewe. “He threatened to stop my pay” ni kitu kinachoweza kuthibitishwa au kukanushwa. Kuna aliyesikia, kuna ujumbe wa simu. Intimidate ni hukumu juu ya mwenendo, na hukumu hutaka mfululizo: siku aliyokuita peke yako, siku aliyofunga mlango, siku aliyoitaja familia yako bila sababu. Ukianza barua na “he intimidated me” bila hayo, afisa utumishi ataisoma kama hisia zako. Ukiyapanga matukio kwanza na kulileta neno mwishoni, limeshakuwa la kwake kabla hajalifikia. Frightened na scared ziache kwa ajili ya hali yako mwenyewe, tena frightened ndiyo ya barua.

Tatizo gumu zaidi ni kwamba vitisho vya Kiswahili mara nyingi havina madhara yanayotajwa. “Utaona.” “Utanitambua.” “Tutaonana.” “Utajua hujui.” Kila aliyekulia huku anajua kilichosemwa, na anajua pia kwamba kimesemwa hivyo ili kisishikike. Yafasiri neno kwa neno uone: “utanitambua” inakuwa you will recognise me, na “tutaonana” inakuwa kwaheri ya rafiki. Msimamizi aliyekuwa anatisha amegeuka mtu mstaarabu kwenye karatasi, na mlalamikaji anaonekana ana wasiwasi wa bure. Wakalimani wa mahakamani huujua mtego huu: akifasiri maneno, tishio linapotea, akifasiri tishio, wakili wa upande wa pili anasimama kusema mkalimani anatoa ushahidi.

Kwenye barua yako hujafungwa hivyo. Yaandike maneno ya Kiswahili kama yalivyotamkwa, ndani ya alama za nukuu, kisha ueleze yanachukuliwaje na wazungumzaji, kisha useme yalitamkwa wapi na kwa sauti gani. Kwa mfano: He closed the door, lowered his voice and said, “Utanitambua.” In Swahili this is commonly said as a threat, and I took it as one. Neno threat limeingia mara moja tu, likiwa na ushahidi wake mbele, na intimidate halijahitajika bado. Kama alirudia wiki iliyofuata, na ukaacha kuhudhuria vikao kwa sababu hiyo, sasa unaweza kuliandika.